Ujerumani: Muogeleaji wa Klabu ya Polisi Aliyerudisha Nishani

Mwezi Julai mwaka 2025, katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya kuogelea yaliyofanyika Singapore, Mjerumani kijana, Anna Elendt, alinyakua nishani ya dhahabu ya wanawake katika mita 100 za mtindo wa chura. Alitumia dakika 1 na sekunde 5.19. Wajuzi wengi wa mchezo huo hawakumtarajia, na nchini mwake ushindi huo ulipokewa kwa furaha kubwa. Sisi nasi tunampongeza, wala hakuna neno baya tulilo nalo juu yake. Lakini habari hiyo imetukumbusha Wajerumani wengine waliopata kuushika mchezo huo huo, na hasa mmoja wao aliyekuwa mtoto wa miaka 14 tu alipoivunja rekodi ya dunia, na ambaye baada ya miaka zaidi ya 20 alizirudisha nishani zake na kuomba jina lake lifutwe vitabuni. Jina lake ni Carola Nitschke. Tumeona inafaa kuisimulia habari yake katika ukurasa huu kwa sababu klabu aliyoogelea haikuwa klabu ya kiwanda wala ya chuo. Ilikuwa klabu ya polisi na maofisa wa usalama wa taifa.

Kwa wasomaji wetu ambao hawajapata kuuona mchezo huu, mtindo wa chura ndio uogeleaji ambao kifua huelekea chini, mikono miwili huyapasua maji kwa pamoja na kuyasukuma pembeni, na miguu miwili hupiga teke moja la pamoja kama afanyavyo chura. Katika mitindo minne ya mashindano, huu ndio wa polepole kuliko yote, kwa kuwa kila mkono unaporudi mbele maji humzuia mtu. Anayetaka kushinda hana budi awe na ufundi mwingi, na tena awe na nguvu za mabega na mapaja. Ufundi hufundishwa kwa miaka mingi. Nguvu nazo huja kwa mazoezi, lakini, kama tutakavyoona, wapo waliotafuta njia ya mkato.

Yafaa tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 1949 hadi mwaka 1990 zilikuwako nchi mbili za Kijerumani zilizokaa ubavu kwa ubavu: ya Magharibi, iliyokuwa na watu na mali zaidi, na ya Mashariki, iliyokuwa na watu wapatao milioni 17. Ile ya Mashariki ndiyo ambayo wazee wa Unguja wanaijua kwa majumba ya Kikwajuni yaliyojengwa kwa msaada wake baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Majirani hao wawili walishindana katika kila jambo. Nchi ya Mashariki, ambayo kwa miaka mingi mataifa mengi yalikataa kuitambua, iliona kwamba uwanja wa michezo ni mahali ambapo bendera yake ingepandishwa na wimbo wake ungepigwa hata mbele ya macho ya wale wasiotaka kuisikia.

Mtindo wa chura uliuonyesha ushindani huo waziwazi. Mwezi Agosti mwaka 1974, mjini Vienna, msichana wa Magharibi, Christel Justen, aliwashinda wasichana wa Mashariki katika ubingwa wa Ulaya na kuweka rekodi ya dunia ya mita 100, dakika 1 na sekunde 12.55. Rekodi hiyo haikudumu hata majuma mawili. Mnamo tarehe 1 Septemba, huko Concord nchini Marekani, Renate Vogel wa Mashariki aliishusha hadi 1:12.28. Kisha, mwezi Juni mwaka 1976, mjini Berlin, akatokea mtoto aliyezaliwa mwezi Machi mwaka 1962, akaogelea kwa 1:11.93. Huyo ndiye Carola Nitschke. Nao muda huo ulikaa majuma machache tu, kwani mwezi Julai, katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Hannelore Anke, ambaye naye alitoka Mashariki, alifika 1:11.11, na siku ile ile akaogelea tena na kufika 1:10.86.

Sasa tuitazame klabu yenyewe. Dynamo iliundwa mwaka 1953 ikiwa umoja wa michezo wa Polisi ya Umma, wa Wizara ya Usalama wa Taifa na wa maofisa wa forodha. Mwenyekiti wake tangu siku hiyo hadi mwaka 1989 alikuwa Erich Mielke, ambaye tangu mwaka 1957 alikuwa pia Waziri wa Usalama wa Taifa. Jeshi nalo lilikuwa na umoja wake, Vorwärts, maana yake Mbele. Tawi kubwa la Dynamo lilikuwa Berlin, katika mtaa wa Hohenschönhausen, penye viwanja, mabwawa, mabweni na hospitali. Watoto waliochaguliwa waliishi katika shule maalumu za michezo, wakalala huko, wakala huko, na wazazi wao waliwaona kwa nadra. Wanamichezo wazima waliandikwa katika orodha ya askari, wakapewa vyeo na mishahara. Hatusemi kwamba utaratibu huo ni mbaya kwa asili yake. Majeshi ya nchi nyingi yana timu zake, na wengi wetu tumeshangilia timu za jeshi na polisi uwanjani. Hata Ujerumani ya leo, iliyoungana, jeshi lake huwawekea wanamichezo wa daraja la juu nafasi zipatazo 850, na nishani nyingi za nchi hiyo huletwa na askari hao.

Tofauti ilikuwa katika jambo lililofichwa. Mwaka 1974 viongozi wa chama na wa michezo walipitisha mpango wa siri ulioandikwa kwa namba tu: Mada ya Mpango wa Taifa 14.25. Kwa mpango huo, ugawaji wa homoni za kiume kwa wanamichezo uliwekwa chini ya uongozi wa dola. Mkuu wa michezo alikuwa Manfred Ewald. Aliyeusimamia mpango kwa upande wa uganga alikuwa Dokta Manfred Höppner, naibu mkuu wa Idara ya Uganga wa Michezo, ambaye wakati huo huo alikuwa mpelelezi wa siri wa Usalama wa Taifa kwa jina la bandia, Technik. Dawa iliyotumiwa sana iliitwa Oral-Turinabol, kidonge cha rangi ya samawati kilichotengenezwa na kiwanda cha Jenapharm katika mji wa Jena. Katika karatasi za ofisi haikuitwa kwa jina lake. Iliitwa "njia za kusaidia". Msomaji aliyezoea lugha ya maofisi anajua jinsi maneno laini ya namna hiyo yanavyoweza kubeba mambo mazito.

Carola Nitschke alikuwa na umri wa miaka 13 alipoanza kupewa vidonge na sindano za homoni. Watoto waliambiwa kwamba ni vitamini za kuwasaidia kupumzika baada ya mazoezi mazito. Wazazi hawakuambiwa kitu. Walimu na madaktari waliojua walitia sahihi hati za kutunza siri, na siri hiyo ilikuwa na uzito ule ule wa siri nyingine za taifa. Homoni ya kiume ikiingia katika mwili wa msichana ambaye bado anakua, humwongezea misuli na kumwezesha kurudia mazoezi mazito bila kuchoka upesi, na hapo ndipo ilipo faida yake katika mtindo wa chura. Lakini pia humbadili sauti ikawa nzito, humwotesha nywele mahali pasipo pake, huharibu ngozi, huweza kudhuru ini na kuvuruga viungo vya uzazi. Miongoni mwa wanamichezo wa zamani wa nchi ile wapo waliougua kwa miaka mingi baadaye, na wapo waliozaa watoto wenye maradhi.

Huenda msomaji akauliza: je, walipimwaje na kuonekana safi? Jibu ni kwamba wapimaji walikuwa watu wa dola ile ile. Huko Kreischa, karibu na Dresden, palikuwa na maabara iliyotambuliwa na Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa. Kabla ya timu kusafiri, mkojo wa kila mwanamichezo ulichunguzwa hapo. Aliyekutwa na mabaki ya dawa alibakizwa nyumbani, ikasemwa kuwa ameumia au ana mafua. Walimu walijua siku ya kuacha vidonge kabla ya safari. Basi maabara iliyowekwa ili kuwakamata wakosaji iligeuzwa kuwa kizuizi cha mwisho cha kuwaficha.

Matunda yalionekana Montreal mwaka 1976. Miaka minne kabla yake, mjini Munich, wanawake wa Ujerumani Mashariki hawakupata hata dhahabu moja ya kuogelea. Sasa walichukua 11 kati ya 13, na nchi yao ndogo ikashika nafasi ya pili duniani kwa dhahabu 40, mbele ya Marekani iliyopata 34. Waandishi wa habari walipouliza kuhusu sauti nzito za wasichana, walijibiwa na mmoja wa viongozi wa timu kwamba wasichana hao wamekuja kuogelea, hawakuja kuimba. Mwogeleaji wa Kimarekani, Shirley Babashoff, aliyesema hadharani kwamba pana jambo, alichekwa na magazeti ya nchi yake mwenyewe kuwa ni mtu asiyejua kushindwa.

Jambo moja katika mashindano hayo halitajwi sana. Kati ya mbio mbili tu ambazo wanawake wa Ujerumani Mashariki walizikosa, moja ilikuwa mita 200 za mtindo wa chura, ambapo Warusi na wenzao wa Muungano wa Kisovieti walizoa nishani zote tatu. Naye Carola Nitschke, aliyefika Montreal akiwa amekwisha kuvunja rekodi ya dunia majuma machache tu kabla, alirudi bila nishani katika mbio zake mwenyewe za mita 100. Vidonge vilimpa nguvu, lakini havikumpa utu uzima wa kuvumilia uzito wa matarajio ya taifa zima akiwa na miaka 14. Baada ya hapo alishinda katika timu ya nchi yake, kisha akatoka jukwaani akiwa bado kijana sana, kama walivyotoka wengi wa rika lake.

Si kweli kwamba dunia haikuambiwa. Mwaka 1979 Renate Vogel, yule aliyeshika rekodi kabla ya Nitschke na aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 100 na 200 mwaka 1973, alitoroka kupitia Hungary kwa pasipoti ya bandia, akaingia Ujerumani Magharibi na kueleza juu ya dawa hizo. Maneno yake yaliandikwa magazetini, kisha yakasahauliwa. Wakuu wa michezo wa nchi nyingi hawakutaka ugomvi na taifa lenye nguvu michezoni. Tena, tusema kweli, baadhi yao walikuwa na ya kwao ya kuficha. Uchunguzi wa wanahistoria uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba huko Magharibi nako, tangu miaka ya 1970, fedha za serikali zililipia utafiti wa dawa za namna hiyo, na mji wa Freiburg ulikuwa mmoja wa vituo vyake. Huko hapakuwa na amri moja ya dola kwa watoto wote kama Mashariki, lakini anayedhani kwamba mwovu alikuwa upande mmoja tu wa ukuta anajidanganya.

Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa mwaka 1989, karatasi zilianza kuchanwa. Zilizookoka zilipatikana mahali ambapo askari hatashangaa kupasikia: katika Chuo cha Uganga wa Kijeshi huko Bad Saarow. Madaktari wa mpango ule walikuwa wameandika tasnifu zao za udaktari juu ya dawa hizo, zikapigwa mhuri wa siri na kuhifadhiwa na jeshi. Nidhamu ya kijeshi ya kutunza nyaraka, iliyokusudiwa kuficha, ndiyo iliyohifadhi ushahidi. Mwaka 1990 mwanasayansi Werner Franke alifaulu kuzipata, na mwaka uliofuata mkewe, Brigitte Berendonk, aliyekuwa mrusha kisahani wa Olimpiki, alitoa kitabu kilichotaja dawa, vipimo na majina.

Kesi zilianza Berlin mwezi Machi mwaka 1998, na wa kwanza kufikishwa mbele ya hakimu walikuwa walimu na madaktari wa klabu ya Dynamo. Muda ulikuwa mfupi, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria makosa hayo yasingeweza kuhukumiwa tena baada ya mwanzo wa mwezi Oktoba mwaka 2000. Mwezi Agosti mwalimu wa kuogelea Rolf Gläser alitozwa faini ya marka 7,200, na Dokta Dieter Binus marka 9,000. Mwezi Desemba Dokta Bernd Pansold alitozwa marka 14,400. Mwezi Januari mwaka 2000 Lothar Kipke, daktari mkuu wa chama cha kuogelea, alipewa kifungo cha miezi 15 kilichosimamishwa, maana yake hakuingia gerezani. Mwezi Julai mwaka huo Ewald alipewa miezi 22 na Höppner miezi 18, vyote vikasimamishwa vivyo hivyo.

Hapa ndipo habari hii inapowagusa wenye kuvaa sare kuliko watu wengine. Utetezi uliosikika katika kesi hizo ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ulisema kwamba kila mtu alifanya vile na kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kushindana. Wa pili ulisema kwamba mambo yalitoka juu, kwa mpango wa taifa, na mwalimu wa bwawa alikuwa mtu wa ngazi ya chini. Mahakama hazikukubali. Zilishikilia kwamba hata kwa sheria za Ujerumani Mashariki yenyewe, kumpa mtoto dawa yenye madhara bila yeye wala wazazi wake kujua lilikuwa kosa la kudhuru mwili. Yaani mpango wa siri wa viongozi haukuwa sheria, na haukuifuta sheria iliyokuwa imeandikwa na kutangazwa na bunge la nchi hiyo hiyo. Mwalimu aliyempa msichana kidonge mkononi, akisimama amtazame mpaka akimeze, alihesabiwa kuwa ametenda yeye, ingawa mhuri ulikuwa wa mtu mwingine. Ni kweli pia kwamba nafasi ya mtu huyo katika mnyororo wa amri ilizingatiwa, na ndiyo sababu wadogo walitozwa faini na wakubwa wakapewa vifungo. Kwa maoni yetu adhabu zote zilikuwa nyepesi mno. Faini ya marka 7,200 kwa afya za wasichana kadhaa haitoshi hata kidogo, na waathiriwa waliokuwa katika chumba cha mahakama hawakuficha uchungu wao.

Carola Nitschke, ambaye kwa ndoa anaitwa Beraktschjan, alikuwa miongoni mwa waliojitokeza katika kipindi hicho. Lakini alifanya jambo ambalo mahakama haikumwamuru: alizirudisha nishani zake, na akaomba jina lake liondolewe katika vitabu vya rekodi. Tulitafakari sana juu ya ombi hilo. Wapo watakaosema kwamba hakuwa na haja, kwani hakuwa na hatia. Alikuwa mtoto, alidanganywa, na saa alizoogelea asubuhi kabla ya jua kuchomoza zilikuwa zake kweli. Wenzake kadhaa waliona hivyo, wakabaki na nishani zao, na hatuoni kosa kwao. Yeye aliuona muda wa 1:11.93 kuwa ni kazi ya watu waliompa dawa, nao hakutaka kuwabebea. Tena walikuwako wasichana wa nchi nyingine waliofika nyuma ya timu za Ujerumani Mashariki na ambao hawakupata kamwe kusimama mahali walipostahili.

Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa haikuifuata njia yake. Mwaka 1998 Wamarekani na Waingereza waliomba matokeo ya miaka ile yaangaliwe upya ili waogeleaji wao wapewe nishani walizokosa, na kamati ikakataa. Nchini Ujerumani, Bunge lilipitisha sheria mwaka 2002 ambayo kwayo watu 194 walilipwa kila mmoja euro zipatazo 10,400. Sheria ya pili, ya mwaka 2016, iliweka euro 10,500 kwa kila mwathiriwa aliyethibitishwa. Ukikumbuka kwamba watafiti hukadiria waliopewa dawa hizo kuwa kama 10,000, utaona jinsi mlango wa fidia ulivyokuwa mwembamba. Wengi hawakuweza kuthibitisha chochote, kwa kuwa daktari hakuandika jina la dawa katika kadi ya mtoto.

Tena mwezi Machi mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Utawala, iliyoko Leipzig, iliamua kwamba waliopewa dawa bila kujua hawawezi kurudishiwa haki zao kwa sheria ile inayowahusu waliodhulumiwa kisiasa na serikali ya zamani. Majaji walisema kwamba haya hayakuwa mateso ya kisiasa wala dhuluma iliyomlenga mtu mmoja mmoja. Kisheria yawezekana wamesoma vema. Dola ile haikuwachukia wasichana wake wa kuogelea, bali iliwatumia. Lakini kwa mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye ini bovu, tofauti ya kuchukiwa na kutumiwa ni ndogo mno, na hatuoni kwa nini sheria nyingine isitungwe kwa ajili yao.

Mielke alifariki mwaka 2000, Ewald mwaka 2002. Klabu ya Dynamo ya zama zile ilivunjwa pamoja na dola yake. Rekodi ya mita 100 za mtindo wa chura imeshuka mara nyingi tangu hapo, na mwaka 2017 Mmarekani Lilly King aliifikisha 1:04.13. Lakini anayefungua orodha ya rekodi za dunia za mbio hizo atakuta mstari wa Renate Vogel wa mwezi Septemba mwaka 1974, na chini yake mstari wa Berlin wa mwezi Juni mwaka 1976, wenye muda wa 1:11.93 na jina lile lile ambalo mwenyewe aliomba liondolewe.